Fundi Akujibu: Matairi ya njia zote kwenye theluji na barafu

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: haya matairi ya A/T, ya njia zote, yenye kashata kubwa, yaani vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara, na mabega ya meno, je, yanamtosha mtu majira ya baridi? Nimechagua zile zilizoeleza mambo kwa undani. Nimepunguza urefu tu, maneno ni ya wenyewe.

*

*Shikamoo fundi. Nina pikapu inayovuta magurudumu yote manne, na nimeifunga matairi mapya ya A/T. Aliyeniuzia alisema ni ya mwaka mzima: matope, changarawe, theluji, kote napita. Na kweli kuondoka inaondoka. Kwenye mwinuko wenye theluji nimewapita watu waliokwama. Lakini juzi nilikuwa naingia makutano kwa mwendo wa kawaida, taa ikawa nyekundu, nikakanyaga breki, pikapu ikaendelea kwenda kama sijagusa kitu. Pedali ikawa inatetemeka mguuni. Nilikuja kusimama katikati ya makutano, Mungu akanusuru hapakuwa na gari linalopita. Kigari kidogo kilichokuwa kwenye mstari wa pembeni, chenye matairi ya baridi, kilisimama pale pale panapotakiwa. Je, ni breki, ni ABS, au ni mimi?*
*— Dereva wa pikapu*

Marahaba mwanangu, na pole kwa mshtuko. Breki zako ni nzima. Pedali kutetemeka ndiyo ABS inafanya kazi: inabana na kuachia magurudumu kwa kasi ili yasifunge na wewe ubaki na usukani. Siku nyingine ikitetemeka usiondoe mguu, endelea kukandamiza.

Shida iko pale tairi linapogusa barabara, na nitakaa hapa kwa muda kwa sababu wengi wameandika kisa kama chako.

Kwanza tutenganishe kuondoka na kusimama. Gari linalovuta magurudumu yote manne linagawa nguvu ya injini kwa matairi manne badala ya mawili, kwa hiyo linaondoka vizuri kuliko wenzake. Lakini kila gari, hata lile dogo kabisa, linafunga breki kwa magurudumu manne. Ukikanyaga breki, ule ubora wako umekwisha. Tena pikapu yako ni nzito kuliko kile kigari. Ile nguvu iliyokupandisha mwinuko ndiyo iliyokudanganya kwamba barabara inashika.

Pili, theluji na barafu ni vitu tofauti kwa tairi, na hata theluji yenyewe ina hali zake. Kwenye theluji nzito ambayo haijakanyagwa, tairi linahitaji kashata kubwa zilizoachana. Zinachota theluji, zinaishindilia ndani ya mifereji, na theluji hiyo iliyoshindiliwa inang'ang'ania theluji iliyo chini. Kisha gurudumu likizunguka linaitema na kuchota nyingine. Hapo A/T ni mabingwa, na ndipo ulipowapita wenzako.

Theluji iliyoshindiliwa na magari mengi ni jambo jingine. Hapo hakuna cha kuchota. Kinachosaidia ni ile mikato myembamba iliyochanjwa juu ya kila kashata, mingi, yenye kupindapinda. Gari linapobana breki, kila mkato unafunguka kidogo na kutoa ukingo unaokwangua. Tairi la baridi halisi lina mikato hiyo kila mahali. A/T nyingi zinayo, lakini michache na mifupi, na sababu yake inaeleweka: ukiichanja kashata mikato mingi inakuwa legelege, na kashata legelege ikipita kwenye mawe makali inamenyeka vipande vipande. Mtengenezaji wa A/T anajua mteja wake atapita kwenye mawe.

Halafu kuna barafu, ile laini inayong'aa. Ndiyo uliyoikuta makutanoni. Watu wengi hushangaa kwamba mita mia nyuma barabara ilikuwa nzuri na kwenye taa ikawa kioo. Sababu ni kwamba magari yanasimama pale pale siku nzima. Joto la injini na la moshi linayeyusha theluji kidogo, matairi yanayoteleza wakati wa kuondoka yanaisugua, kisha inaganda tena. Makutano, vituo vya basi, miteremko inayoishia kwenye taa: hizo ni sehemu za kuziogopa hata kama barabara nyingine yote ni nyeusi na kavu.

Kwenye barafu, kashata kubwa hazina cha kuuma. Kinachobaki ni ulaini wa mpira wenyewe, pamoja na mikato myembamba inayofyonza utando wa maji ulio juu ya barafu. Na mpira wa A/T nyingi umechanganywa ili ustahimili mawe, ukate kilomita nyingi na usiharibike kwenye joto. Joto la hewa likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za selsiasi, mchanganyiko wa aina hiyo unaanza kukakamaa. Ikifika nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri, kashata inakuwa ngumu kama ndala iliyolala nje usiku kucha. Haifuati tena vinundu vidogo vya barabara, inakaa juu yake tu. Mpira wa tairi la baridi una mchanganyiko unaobaki laini kwenye baridi hiyo hiyo. Mimi, kabla ya kusoma chochote kilichoandikwa ubavuni, huwa naingiza ukucha wa kidole gumba kwenye kashata ya tairi lililolala nje. Hicho si kipimo cha maabara, lakini ukilinganisha tairi la baridi na A/T ngumu siku ya baridi kali, kidole kinakuambia.

Sasa tuweke hesabu, maana hesabu huwa inawatisha watu kwa faida. Kwa kilomita 50 kwa saa, tangu breki zishike, gari kwenye lami kavu linahitaji kama mita 12 kusimama. Kwenye theluji iliyoshindiliwa inakuwa kama mita 40. Kwenye barafu laini ni karibu mita 100. Hizo ni hesabu za msuguano wa kawaida, na tairi bora linapunguza wakati tairi gumu linaongeza. Lakini hesabu ina upande wake mzuri pia: ukipunguza mwendo nusu, umbali wa kusimama unakuwa robo. Kwa kilomita 25 kwa saa, zile mita 100 zinakuwa 25. Hakuna tairi la kununua litakalokupa punguzo kama hilo.

Jambo moja zaidi kuhusu barafu. Iliyo mbaya kuliko zote ni ile ya joto la karibu na sifuri, inapokuwa na maji juu yake. Kukiwa na nyuzi 20 chini ya sifuri barafu ni kavu na inashika kidogo zaidi. Kwa hiyo ile siku unayotoka nje ukasema afadhali leo baridi imepungua makali, ndiyo siku ya kuwa mwangalifu zaidi.

Ushauri wangu kwako: kama unaendesha kila siku kwenye barabara zinazofagiliwa theluji, nunua matairi manne ya baridi, yafunge kwenye rimu zake yenyewe, na A/T uziweke kando hadi baridi iishe. Hazitakuwa zinakwisha wakati huo, kwa hiyo sehemu ya gharama inarudi yenyewe. Kama kwa sasa huwezi, basi ondoa mguu kwenye mafuta mapema mno kabla ya taa, teremka kwa gia ndogo, na kila asubuhi mahali peupe pasipo na gari nyuma yako bonyeza breki kwa makusudi ukiwa mwendo mdogo. Hapo utaijua barabara ya siku hiyo kabla haijakujulisha yenyewe.

*

*Fundi, kwenye ubavu wa matairi yetu ya A/T yameandikwa M+S. Mume wangu anasema hiyo ni matope na theluji, kwa hiyo sheria tumeitimiza na mjadala umekwisha. Mimi nimeona matairi mengine yana mchoro wa mlima. Nani yuko sahihi?*
*— Mama wa watoto wawili*

Dada, umeangalia mahali panapotakiwa. Herufi M+S hazitokani na jaribio lolote la kwenye theluji. Ni maelezo ya umbo: kashata ziwe na mifereji inayofika ukingoni, na sehemu ya kutosha ya uso wa tairi, kama robo hivi, iwe nafasi wazi. Tairi likiwa na umbo hilo linaandikwa M+S, hata mpira wake uwe mgumu kiasi gani. Ndiyo maana karibu kila A/T inazo.

Ule mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake ulianza mwaka 1999, uliwekwa na watengenezaji wa matairi wa Marekani na Kanada, na huo una jaribio nyuma yake. Tairi linapimwa kwenye theluji iliyoshindiliwa na linatakiwa lilizidi tairi la kulinganishia kwa kiwango kilichowekwa. Katika kipimo cha Marekani ni angalau asilimia 10. Kwa hiyo kama unanunua A/T kwa ajili ya baridi, mchoro huo ndio wa kwanza kuutafuta. Zipo A/T nyingi nzuri zenye nao siku hizi. Na usikubali jina la tairi peke yake: aina moja ya tairi inaweza kuwa na mchoro kwenye saizi fulani na isiwe nao kwenye saizi nyingine. Inama, piga tochi, uone kwenye tairi lile lile linalofungwa kwenye gari lako.

Lakini hata huo mchoro usiubebeshe mzigo usio wake. Kipimo hicho cha Marekani kinapima namna tairi linavyovuta gari kwenda mbele kwenye theluji. Hakipimi kusimama kwenye barafu, wala kukata kona. A/T yenye mlima na tairi la baridi lenye mlima zimefaulu mtihani mmoja, lakini moja imefaulu kwa kupenya na nyingine imeuacha mtihani mbali. Ulaya kuna alama nyingine ya barafu, yenye mchoro wa vilele vya barafu, iliyoanza kuonekana kwenye lebo za matairi ya magari madogo mwaka 2021. Ukiiona hiyo, jua tairi limepimwa kwa kusimama kwenye barafu yenyewe. A/T sizitegemei kuwa nayo.

Kuhusu sheria, mume wako anaweza kuwa sahihi au la kulingana na mahali mlipo, kwa sababu kila nchi ina yake. Ujerumani hairuhusu tena M+S tupu kwenye hali ya baridi. Yale yaliyotengenezwa kabla ya 2018 yalivumiliwa hadi mwisho wa Septemba 2024, basi. Quebec, huko Kanada, inadai mlima kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. British Columbia, Kanada hiyo hiyo, inakubali M+S kwenye barabara zake za milimani ilimradi kashata ziwe na kina cha milimita 3.5. Soma sheria ya mahali mnapoendesha, pamoja na ya mahali mnapopita mkisafiri. Ila sheria inakuondolea faini tu. Watoto wawili wakiwa kiti cha nyuma, mimi ningeutaka mlima hata pasipo na askari.

*

*Ndugu fundi, nakuheshimu lakini wewe na wenzako mnazisema vibaya A/T. Nimeendesha nazo majira mengi ya baridi kwenye njia za msituni ambako greda halifiki. Sijakwama. Wenye matairi yenu ya baridi ndio ninaowavuta kwa kamba.*
*— Mkata miti*

Ndugu yangu, nakuamini kila neno, na hatuko mbali kama unavyodhani. Njia yako ni ile ambayo A/T zimeumbiwa. Theluji imelala nzito, chini yake kuna mawe, visiki na tope lililoganda. Tairi la baridi la gari la mjini lina ubavu mwembamba. Jiwe moja kali likiingia ubavuni umelala msituni. A/T ina ubavu mnene, mabega yanayochota pembeni, na kina cha kashata cha milimita 10 hadi 13 likiwa jipya. Hapo sikushauri ubadilishe, labda tu hakikisha unazo zenye mchoro wa mlima.

Tena historia iko upande wako. Tairi la kwanza la baridi lilitengenezwa Ufini mwaka 1934, kwa ajili ya malori, na kiwanda ambacho leo tunakijua kwa jina la Nokian. Mwaka 1936 likafuata la magari madogo, Hakkapeliitta. Wakati ule barabara nyingi hazikufagiliwa theluji, kwa hiyo kazi ya tairi ilikuwa kuchimba na kupenya. Kilichobadilika baadaye ni barabara. Greda na magari ya chumvi yalipoanza kupita kila siku, theluji nzito iliondoka, ikabaki tabaka nyembamba ngumu, barafu, na lami yenye unyevu. Matairi ya baridi yakaifuata barabara: kashata zikawa na mikato mingi, mpira ukalainishwa. Wewe bado unaendesha barabara ya aina ya zamani, na tairi lako linaijua.

Ninalokuomba ni moja. Kutoka msituni hadi nyumbani unapita lami, na lami hiyo jioni inakuwa na barafu. Umetoka kwenye theluji nzito ambako theluji yenyewe inasaidia kukuzuia, maana inajikusanya mbele ya gurudumu, na mwili wako umezoea breki za huko. Sehemu ya hatari katika siku yako ni ile ya kurudi. Punguza mwendo unapoingia lami, na uache nafasi ambayo wenzako watadhani ni ya woga.

Na usivutwe na matairi mapana zaidi, wala ya M/T, yale ya matope yenye kashata kama matofali. Tairi jembamba linabana uzito wake mahali padogo na kuzama hadi kwenye ardhi ngumu. Pana linaelea juu ya theluji laini bila kushika. Kuelea kuna faida pale tu theluji ni nzito kiasi kwamba hakuna ardhi ya kuifikia. Hayo ya matope ndiyo mabaya kuliko yote kwenye barafu, kwa kuwa mpira unaogusa chini ni mchache na mikato karibu hakuna.

*

*Habari fundi. Taa ya upepo wa tairi inawaka kila asubuhi, mchana inazima. Jirani anasema niache, eti upepo mdogo unashika theluji zaidi. Ni kweli?*
*— Anayeamka alfajiri*

Njema. Upepo ndani ya tairi unasinyaa kwa baridi. Kwa kila nyuzi 5 au 6 za selsiasi zinazoshuka, unapoteza kama psi 1, hicho ndicho kipimo cha upepo wa tairi. Ukijaza psi 35 ndani ya banda lenye nyuzi 20, kisha gari likalala nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, asubuhi utakuta psi 28. Hakuna pancha. Mchana tairi linapata joto la kuzunguka, upepo unapanda, taa inazima, na kesho yake ni vile vile. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, ujaze hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Jirani yako amechukua ukweli wa mahali pengine. Huko Aisilandi watu wanaovuka barafu za milimani na matairi ya inchi 38 hadi 44 hushusha upepo hadi psi chache mno ili tairi litandazike na kuelea. Lakini wanakwenda polepole, hawana kona za lami, na wanajaza tena wakirudi barabarani. Kwenye barabara ya kawaida tairi lenye upepo pungufu linajikunja katikati, uzito unahamia mabegani, mikato inajifunga badala ya kufunguka, na usukani unakuwa mzito na mvivu. Kwenye theluji rojorojo ni hatari zaidi, kwani mifereji iliyobanwa haiwezi kuitema na gari linaanza kuelea juu ya uji.

Kama A/T zako ni zile nzito za ply 10, yaani za nguvu za kubebea mizigo, na gari lilitoka kiwandani na matairi ya kawaida, kibandiko cha mlangoni hakikutoshi. Matairi hayo mara nyingi yanahitaji upepo mwingi zaidi kubeba uzito ule ule. Mwombe fundi wako aangalie jedwali la mzigo la tairi hilo, usikisie.

Na usiache vifuniko vya vali. Maji yakiingia pale na kuganda, vali inabaki wazi kidogo, na hapo ndipo utapata pancha ya kweli.

*

*Fundi, nataka kufunga matairi mawili ya baridi mbele, nyuma nibaki na A/T. Nitapunguza gharama. Inafaa?*
*— Mpunguza gharama*

Hapana. Mbele itashika, nyuma haitashika, na siku utakapokata kona huku ukigusa breki, mkia utakuja kukupita. Ukiyaweka nyuma tu, mbele itagoma kukata kona na gari litakwenda moja kwa moja. Manne au usiweke. Kama fedha ya matairi manne ya baridi haipo, afadhali A/T nne zenye mchoro wa mlima, za aina moja na umri mmoja, kuliko mchanganyiko.

*

*Shikamoo. Nimepata A/T za mitumba, meno bado yanaonekana mazuri, yamebaki kama nusu. Muuzaji anasema nusu ya A/T ni kama tairi zima la kawaida. Nizichukue kwa ajili ya baridi?*
*— Kijana wa gari la kwanza*

Marahaba kijana. Kwa majira ya joto, pengine. Kwa baridi, tulia kwanza.

Kina kilichobaki kinaweza kuwa milimita 6, na hicho ni kingi ukikisoma kwenye karatasi. Austria inadai milimita 4 kwa tairi la baridi, Uswidi milimita 3. Kwa kipimo hicho muuzaji wako ana hoja. Lakini zile mita za kusimama nilizomweleza mwenzako wa pikapu hazitegemei kina peke yake, zinategemea ile mikato myembamba, na kwenye A/T nyingi mikato haifiki chini ya kashata. Tairi likila nusu, mikato mingi imeshafutika. Unabaki na matofali matupu yasiyo na ukingo wa kukwangua. Ukitazama kwa mbali tairi lina meno. Ukisogea karibu, uso wa kila kashata ni tambarare kabisa.

Kwa hiyo nenda mchana, uchuchumae, uangalie kashata moja moja. Mikato ipo? Ina kina gani? Ingiza ukingo wa karatasi ngumu uone unazama au unaishia juu. Angalia pia kingo za kashata upande wa mbele na wa nyuma. Kama upande mmoja umelika kuliko mwingine kwa mpangilio wa msumeno, tairi halikuhamishwa mbele na nyuma kwa wakati, litapiga kelele na kushika vibaya.

Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa ubavuni unaoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 3819 ni wiki ya 38 ya mwaka 2019. Huenda ziko upande wa ndani, itabidi uingie chini ya gari. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala stoo, na unaozeeka unakakamaa, na kukakamaa ndiyo adui uleule wa kwenye baridi. Tairi la baridi au A/T ya baridi iliyopita miaka sita mimi siinunui, hata ingekuwa haijawahi kutembea. Ukiona nyufa ndogo kwenye mizizi ya kashata au ubavuni, mrudishie mwenyewe na mshukuru kwa muda wake.

*

*A/T zangu zina vitundu vidogo kwenye kashata, nimeambiwa ni vya kupigilia pini za chuma. Nizipigilie? Na minyororo je?*
*— Wa milimani*

Vitundu hivyo ni vya pini kweli, na pini zinaisaidia A/T pale pale ilipo dhaifu, kwenye barafu tupu yenye maji. Lakini hupigiliwa kwenye tairi jipya ambalo halijagusa barabara. Likishatembea, vitundu vimeingia mchanga na pini haitakaa. Ukishapigilia, endesha taratibu mwanzoni, bila kuondoka kwa fujo wala breki za ghafla, ili pini zikae. Ulizia sheria kabla hujatoa hata senti: Ujerumani inazikataza karibu kote, na kwingine zinaruhusiwa kwa miezi maalumu tu.

Minyororo ninaikubali zaidi kwa mtu wa milimani, kwa sababu inakaa buti hadi siku inapohitajika. Ila pima nafasi kwanza. A/T nyingi zinafungwa zikiwa kubwa kidogo kuliko saizi ya kiwandani, na mnyororo ukiongezeka juu yake unaweza kugonga mkono wa saspensheni au kukata bomba la breki. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, ingiza vidole nyuma ya tairi, uone kama panapita. Kitabu cha gari kitakuambia ekseli ipi inavaa. Halafu ifunge mara ya kwanza ukiwa nyumbani, mchana, mikono ikiwa na joto, maana usiku wa theluji kwenye mteremko si mahali pa kujifunzia ndoano ipi inaingia wapi.